UZI: Umeme ukikatika, kwa nini intaneti ya nyumbani kwa wengine inabaki na kwa wengine inazima? Tuichambue kipande kwa kipande

#1 Nyuzi_Kumi

Wakuu,

Swali hili linarudi kila umeme unapokatika. Nyumba mbili zinapakana, zote zina UPS (kiboksi chenye betri kinacholisha vifaa umeme ukikatika), moja inaendelea kupata intaneti kama kawaida, ya pili ruta inawaka lakini hakuna kinachofunguka. Majibu huwa ya mkato: "nunua UPS" au "piga simu kwa mtoa huduma". Yote mawili yanaweza kuwa sahihi na yote mawili yanaweza kuwa kupoteza hela bure. Inategemea ni kifaa gani kimekosa umeme, na kiko wapi.

Njiani kutoka kwenye simu yako hadi kwenye seva kuna vifaa kadhaa vinavyokula umeme, kila kimoja na chanzo chake. Ruta inakula umeme wa kwako. Kabati la mtaani linakula umeme wa mtaa. Kituo cha mtoa huduma kina betri zake na, pale walipojipanga, jenereta. Kimoja kikizima, vilivyobaki vinaweza kuwaka vizuri kabisa na bado usifungue hata ukurasa mmoja. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, jua kwanza nyumba yako imeunganishwa kwa njia gani.

FAIBA INAYOINGIA HADI NDANI. Hii ndiyo yenye nafasi kubwa zaidi ya kubaki hewani. Katika mfumo wa GPON, ambao umeenea sana, hakuna kifaa chenye umeme kati ya kituo na nyumba. Mwanga unatoka kituoni ndani ya uzi mmoja, unafika kwenye kigawanya mwanga ambacho ni kioo kitupu kisicho na waya wa umeme, unagawanywa kwa nyumba 32 au 64, kisha unaingia kwenye ONT, kile kiboksi cha ukutani. Mwanga wa kuja nyumbani ni wa nanomita 1490, wa kurudi ni 1310, na umbali unaweza kufika kilomita 20. Ndiyo maana mtaa mzima unaweza kuwa giza na mwanga ukaendelea kukufikia: unazalishwa mbali, kwenye kituo ambacho pengine hakijakatiwa kabisa, na kama kimekatiwa basi vifaa vyake vinaendeshwa na betri za volti 48. Ukilisha ONT na ruta tu, upo.

FAIBA INAYOISHIA KWENYE JENGO. Hapa ndipo watu wengi wanadanganyika. Mkataba unasema faiba, lakini kinachoingia chumbani ni waya wa mtandao wa kawaida kutoka kwenye swichi (kiboksi kinachogawa mtandao kwa nyumba za jengo) iliyo chini ya ngazi au juu ya paa. Swichi hiyo inatumia umeme wa jengo. Haina betri? Basi UPS yako ya ndani itawasha ruta tu, na ruta haitakuwa na wa kuzungumza naye. Dawa ni kuiwekea betri swichi yenyewe, na hilo ni la kukubaliana na mwenye jengo pamoja na mtoa huduma.

WAYA WA SIMU (DSL). Waya wa shaba unabeba volti 48 kutoka kituoni, na umeme huo ndio uliokuwa ukiendesha simu za mezani za zamani hata nyumba ikiwa giza. Usidhani utaendesha modemu pia. Modemu inataka umeme wake. Zaidi ya hapo, DSL ya kasi inatoka kwenye kabati la barabarani lililo mita mia chache kutoka kwako, na kabati hilo likikatiwa linaishi kwa betri zake tu.

KEBO YA TELEVISHENI. Hii ndiyo dhaifu kuliko zote. Njiani kuna vikuza mawimbi ambavyo vyote vinataka umeme, na umeme huo unapitishwa ndani ya kebo ileile kwa volti 60 hadi 90 kutoka kwenye vituo vidogo vya mtaani. Vina betri, lakini kwa kawaida ni za saa chache.

Za hewani (simu, antena za juu ya paa, setilaiti) naomba Mnarani azichukue, ni eneo lake.

---

#2 Kisakuzi

Mkuu Nyuzi_Kumi, hapo kwenye faiba. Kama uzi hauhitaji umeme, kwa nini umeme wa mtaa ukikatika kuna watu taa ya LOS inawaka nyekundu papo hapo, huku ONT ikiwa kwenye UPS?

---

#3 Nyuzi_Kumi

LOS nyekundu maana yake ONT haipokei mwanga wowote. Ikitokea sekunde ileile umeme ulipokatika, kuna mambo mawili ya kushuku.

La kwanza, kifaa kinachozalisha mwanga hakiko kwenye kituo kikubwa. Watoa huduma wadogo huweka kifaa hicho, OLT, kwenye boksi la nguzoni au kwenye chumba cha jengo fulani mtaani, na kukiunganisha na umeme wa hapohapo. Betri ya ndani ikiwa imechoka, mtaa ukizima na mwanga unazima. Wapo pia wanaotumia vigeuzi vidogo vya mwanga njiani, kila kimoja na adapta yake. Hiyo ni faiba kwa jina, lakini ina udhaifu wa kebo ya televisheni.

La pili, betri za kituo zipo lakini zimekufa. Betri ya risasi inaweza kuonyesha volti nzuri kabisa ikiwa imepumzika, halafu ikaanguka ndani ya sekunde chache ikipewa mzigo.

Zisomeni taa hivi. Majina hutofautiana kidogo kati ya kifaa na kifaa, ila mantiki ni ileile:

- PON (taa ya muunganisho na kituo) imetulia kijani, LOS imezima: mwanga upo na kituo kimekutambua. Kama hakuna intaneti, tatizo liko juu zaidi ya OLT au kwenye ruta yako.
- PON inamwekamweka, LOS imezima: mwanga upo lakini ONT bado inajiandikisha. Ipe dakika 2 au 3. Ikizidi 10, kuna tatizo la usajili au mwanga ni hafifu mno.
- LOS nyekundu: hakuna mwanga. Ni ama uzi umekatika, ama OLT imezima. Kuzima na kuwasha ruta hapa hakusaidii chochote.

Tena, ONT ikikosa umeme ghafla, kwa nguvu iliyobaki ndani ya kapasita zake hutuma ujumbe mfupi wa mwisho kuwaambia kituo "nimekatiwa umeme". Kwa hiyo kituoni wanaweza kutofautisha nyumba iliyozima na uzi uliokatika. Ukipiga simu kwao, sentensi yenye manufaa ni hii: "ONT yangu ina umeme wa betri, LOS ni nyekundu tangu saa fulani." Hiyo inawaondolea swali la kwanza na kuwafikisha kwenye kosa lenyewe.

---

#4 Mnarani

Nimeitikia.

INTANETI YA SIMU (4G na 5G). Mnara una betri, na baadhi ya minara ina jenereta. Dakika za mwanzo za umeme kukatika unaweza kuona mistari yote ya mawimbi lakini kasi imeanguka. Sababu si umeme wa mnara. Nyumba zote zilizokuwa kwenye Wi-Fi zimehamia kwenye mnara kwa mpigo, na sekta moja ya mnara inagawana uwezo wake kwa kila aliyeunganishwa. Baadaye, betri zikishuka, mtoa huduma anaweza kuzima masafa ya juu na 5G kwanza kwa sababu vinakula umeme mwingi, akabakiza masafa ya chini yanayofika mbali. Hapo unabaki na simu inayopiga lakini data inajikokota. Mwisho mnara wenyewe unazima. Hispania na Ureno zilipokosa umeme Aprili 28, 2025, ndivyo ilivyokuwa sehemu nyingi: mtandao wa simu haukufa mara moja, ulififia kadiri saa zilivyopita na betri zilivyokwisha.

Ukitegemea ruta ya 4G, iwekee antena ya nje kama mahali ulipo panahitaji, na uisome namba ya mnara iliyoshika. Mnara wa karibu ukizima, ruta itahamia wa mbali. Kuna ruta zilizofungwa kwenye masafa au mnara mmoja na fundi aliyeziweka. Hizo hazitahama, zitakaa zikitafuta mnara uliokufa. Ondoa kufuli hilo kwenye mipangilio.

ANTENA YA JUU YA PAA KWENDA KITUO CHA MTAA. Kwako kuna vitu viwili vya kulisha: ruta na redio ya paani. Redio inapata umeme kupitia waya wa mtandao, nyingi kwa volti 24 na nyingine 48. Watu huweka ruta kwenye betri na kukisahau kile kiboksi cheusi kinachosukuma umeme kwenda paani. Upande wa pili, uliza mtoa huduma mawimbi yanarukia vituo vingapi kabla ya kufika kwenye faiba. Kila kituo cha kurukia ni betri moja zaidi inayotakiwa kuwa hai.

SETILAITI. Faida yake ni kwamba mtaa hauhusiki kabisa. Ikiwa una umeme na kituo cha ardhini kinachokuhudumia kina umeme, upo hewani. Kasoro ni ulaji. Sahani ya kawaida ya Starlink ya toleo la tatu inakula wati 75 hadi 100, ile ndogo ya Mini wati 25 hadi 40. Mini inakubali umeme wa moja kwa moja wa volti 12 hadi 48, kwa hiyo haihitaji inveta (kigeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani). Na usiizime kila mara kuokoa betri, kwa sababu ikiwashwa upya hutumia dakika kadhaa kutafuta setilaiti na kupanga njia, na dakika hizo inakula umeme bila kukupa intaneti.

---

#5 WatiSaa

Naomba tuingie kwenye hesabu, maana hapa ndipo pesa inapotea.

Usisome adapta ukadhani ndiyo ulaji. Adapta iliyoandikwa 12V 2A ina uwezo wa wati 24, lakini ruta yenyewe mara nyingi inakula 7 hadi 12. ONT nyingi ni wati 4 hadi 6. Pima kwa kipima wati cha kwenye soketi, ukiwa umeunganisha vifaa vyako vyote na kuna mtu anapakua faili kubwa. Tuchukue mfano wa ONT na ruta zinazokula wati 15 kwa pamoja.

UPS ya kompyuta ya 650VA mara nyingi ina betri ya volti 12, ampea-saa (Ah) 7. Hiyo ni 12 × 7 = wati-saa 84 kwenye karatasi. Sasa tazama vinavyopungua:

1. Ah 7 ilipimwa kwa kuitoa taratibu kwa saa 20. Ukiitoa ndani ya saa 2 au 3, unapata kama robo tatu tu: wati-saa 63 hivi.
2. Inveta ya ndani inakula yenyewe, hata bila mzigo. Wati 10 hadi 15 ni kawaida kwa UPS za ukubwa huu. Chukua 12.
3. Mzigo halisi wa betri ni 15 + 12 = wati 27.
4. 63 ÷ 27 = saa 2 na dakika 20.

Yaani karibu nusu ya betri inaliwa na UPS ikigeuza volti 12 kuwa 230, halafu adapta yako inazirudisha kuwa 12. Betri ileile ukiiunganisha moja kwa moja kupitia kirekebisha volti chenye ufanisi wa asilimia 90, mzigo unakuwa wati 17, betri inatoka taratibu zaidi, na unakaribia saa 4. Umepata saa moja na nusu zaidi bila kununua betri nyingine.

Vile viboksi vidogo vya UPS ya ruta vinafanya hivyohivyo, vinatoa volti 12 moja kwa moja. Tahadhari yake ni namba. Kikiandikwa 8800mAh, hizo zimehesabiwa kwa volti 3.7 za seli, si volti 12. 8.8 × 3.7 = wati-saa 32.6. Toa hasara ya kugeuza asilimia 15, gawa kwa wati 15: saa 1 na dakika 50 hivi. Anayezidisha 8.8 kwa 12 anategemea saa 7 ambazo hazipo.

---

#6 Kebo_Kavu

Hesabu nakubali, ila nisingeiponda UPS ya kompyuta hivyo. Ipo tayari kwenye nyumba nyingi, inalinda na volti zinazopanda na kushuka, na mtu asiyejua kushika multimita (kipima volti) hawezi kuunguza ruta nayo. Mini-UPS ya volti 12 ukiichomeka kwenye ruta ya volti 9 unaweza kuiua. Kwa nyumba ambayo umeme unakatika nusu saa au saa moja, UPS ya kawaida inatosha kabisa.

Mambo yanayoharibu ni haya, na yote yanarekebishika:

Soketi. Baadhi ya UPS zina safu mbili nyuma, moja ya betri na nyingine ya kulinda tu dhidi ya volti kubwa. Ruta ikiwa kwenye safu ya pili itazima papo hapo na UPS itaonekana mbovu.

Kuzima kwa mzigo mdogo. Zipo UPS zinazojizima zenyewe zikiona mzigo ni mdogo mno, zikidhani kompyuta imezimwa. Ruta ya wati 10 inaingia kwenye mtego huo. Tafuta kwenye mwongozo namna ya kuondoa hali hiyo. Kama haiondoki, UPS hiyo haifai kwa kazi hii.

Betri kuzeeka. Miaka 3 hadi 5 ndio umri wake, na kila nyuzi 10 za joto juu ya 25 hupunguza umri huo karibu nusu. UPS iliyosukumwa nyuma ya friji au juu ya kabati lenye jua haitafika. Ipimeni: chomoa ukutani ikiwa na mzigo, tazama saa. Betri iliyovimba itolewe siku hiyohiyo.

Na hamna haja ya ile UPS ya gharama kubwa inayoendesha mzigo kwa inveta muda wote. UPS ya kawaida inahamia betri ndani ya milisekunde 10 au chini yake, na adapta ya ruta inavumilia hilo bila shida.

---

#7 WatiSaa

Kwa kukatika kwa saa moja naungana nawe. Zikivuka tatu, betri ya moja kwa moja ndiyo yenye akili.

---

#8 BintiMtandao

Asanteni kwa darasa. Kuna njia ambayo wengi wanaitumia na haijaguswa: pawabenki na ule waya wa USB unaopandisha volti 5 kuwa 12. Ruta inawaka vizuri, halafu inazima na kuwaka kila baada ya dakika chache, hasa watu wengi wakiwa kwenye Wi-Fi. Kosa liko wapi?

---

#9 Plagi_Chanya

Dada BintiMtandao, kosa liko kwenye ampea. Ruta ikila wati 12 kwa volti 12 inataka ampea 1. Upande wa USB wati hizohizo zinatoka kwenye volti 5, na waya wa kupandisha unapoteza kama asilimia 12, kwa hiyo pawabenki inatakiwa kutoa ampea 2.7 hivi. Matundu mengi ya kawaida ya USB yanaishia 2 au 2.4. Ruta ikitulia inakula kidogo na mambo yanaenda. Wi-Fi ikianza kusukuma data nyingi ulaji unapanda, volti inaanguka, ruta inazima. Waya mwembamba na mrefu unaongeza tatizo. Waya wa kupandisha unafaa kwa ONT peke yake au ruta ndogo ya wati 5 au 6.

Kuna tatizo la pili. Pawabenki nyingi haziwezi kuchajiwa na kutoa umeme kwa wakati mmoja bila kukatisha. Umeme ukikatika au ukirudi, zinasita kwa sekunde moja hivi kubadilisha njia. Sekunde moja inatosha kuwasha ruta upya, na hapo umepoteza dakika 3. Ijaribu kabla: ruta ikiwa juu yake, chomoa chaja, chomeka tena, angalia taa.

Pawabenki za USB-C zenye PD (mfumo wa kukubaliana volti na kifaa) zina nguvu zaidi, lakini volti 12 si lazima kwenye PD. Viwango vya kawaida ni 5, 9, 15 na 20. Ule waya wa kuomba volti 12 ukikuta pawabenki isiyo nayo, unaweza kupewa 9, na ipo mibovu inayochukua 15. Msichomeke kwenye ruta kabla ya kupima kwa multimita.

Kwa kuwa nimeshaingia kwenye plagi, nimalizie kabisa, maana hapa ndipo ruta zinapoungua:

- Soma volti nyuma ya ruta, si kwenye adapta iliyookotwa droo. Volti lazima zilingane. Ampea za chanzo ziwe sawa au zaidi, si pungufu.
- Angalia alama ya duara lenye nukta katikati. Nyingi zina chanya katikati. Si zote.
- Plagi za nje milimita 5.5 ziko mbili: tundu la 2.1 na la 2.5. Ya 2.1 haiingii kwenye pini ya 2.5. Ya 2.5 inaingia kwenye pini ya 2.1 lakini inacheza, na huo ni ugonjwa unaotafutwa wiki nzima: ruta inazima ukigusa meza. Nunua ya saizi sahihi, usikunje plagi kwa koleo.
- Mini-UPS yenye matundu ya 9V, 12V na tundu la mtandao lenye umeme wa volti 15 au 24: hilo tundu la mtandao ni la redio ya paani tu. Linatoa umeme muda wote bila kuuliza. Ukichomeka kompyuta hapo unaweza kuunguza kadi yake ya mtandao.
- Ampea zilizoandikwa kwenye mini-UPS mara nyingi ni za matundu yote kwa pamoja. Kikiandikwa 2A, ONT na ruta zigawane hizo.

---

#10 Nyuzi_Kumi

Niongeze vifaa vinavyosahaulika ndani ya nyumba. Ruta kuu ikiwa kwenye betri na kile kirusha Wi-Fi cha pili cha chumba cha mbali kikiwa ukutani, chumba hicho kinapotea. Kamera zinazolishwa na swichi ya PoE (inayopitisha umeme kwenye waya wa mtandao) zinataka swichi iwe na umeme, na swichi yenye kamera 4 au 5 inaweza kula zaidi ya ONT na ruta kwa pamoja. Ipe betri yake. Simu ya mezani inayopita kwenye faiba nayo inakufa pamoja na ONT, tofauti na ile ya waya wa shaba, jambo ambalo lazima lifikiriwe kama kuna mgonjwa au mzee anayeitegemea. Marekani, kanuni ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya huko, ya mwaka 2015 iliwataka watoa huduma wa simu za aina hii wampe mteja chaguo la betri ya saa 8, kisha ya saa 24.

Na vile vifaa vinavyopitisha mtandao kwenye nyaya za umeme za nyumba havina msaada hapa. Hata ukivichomeka kwenye UPS, vichujio vya UPS huwa vinaua mawimbi yao.

---

#11 Kisakuzi

Tukija kwenye kupima. Ni hatua gani mtu wa kawaida anaweza kufuata ajue ni upande wake au wa mtoa huduma?

---

#12 Nyuzi_Kumi

Vipimo viwili tofauti, usivichanganye.

Cha kwanza kinafanywa umeme ukiwepo. Chomoa UPS ukutani, uache kila kitu kwenye betri kwa saa nzima. Mtaa una umeme, kwa hiyo kila kitakachozima ni chako. Kama intaneti imedumu, upande wako umesimama.

Cha pili kinafanywa siku umeme wa mtaa ulipokatika kweli. Andika saa ulipokatika na saa intaneti ilipopotea. Zikipishana sekunde, kuna kifaa cha mtaani kisicho na betri. Zikipishana saa 2 hadi 4 na inajirudia kila mara, kuna betri ya mtoa huduma inayoisha muda huo, na hata ukinunua betri ya saa 20 hutapata dakika moja zaidi. Hiyo rekodi ndiyo ya kumpelekea mtoa huduma.

Ikipotea, panda ngazi hivi kutoka kwenye kompyuta:

1. Ping ruta (itumie ujumbe mfupi uone kama inajibu), mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Isipojibu, tatizo liko ndani.
2. Fungua ukurasa wa ruta, tazama kama WAN (upande wa mtoa huduma) ina anwani ya IP. Isipokuwepo, rudi kwenye taa za ONT.
3. Ping 1.1.1.1 au 8.8.8.8. Ikijibu huku tovuti hazifunguki, huenda seva ya majina (DNS) ya mtoa huduma imezima. Weka hizo namba kama DNS kwenye ruta na utaendelea.
4. Kama 1.1.1.1 haijibu lakini WAN ina IP, endesha traceroute (amri inayoonyesha kila kituo data inapopita) uone inakwama wapi. Ikikwama hatua ya kwanza au ya pili baada ya ruta, ni kituo cha karibu.

---

#13 Kebo_Kavu

Umeme kurudi nako kuna hatari zake, watu hulegea hapo. Mara nyingi unarudi ukipepesa, unakuja, unaondoka, unakuja tena, na volti haijatulia. Ruta inayowashwa na kuzimwa mara tatu ndani ya dakika moja inaweza kuharibu programu yake ya ndani, hasa ikiwa katikati ya kujisasisha. Kama huna betri, weka kilinda volti chenye kuchelewesha, kile kinachosubiri kati ya sekunde 30 na dakika 3 kabla ya kupitisha umeme. Au chomoa kwa mkono.

Jambo jingine, ruta inayoingia kwa jina na nywila (PPPoE) inaweza kukataliwa dakika kadhaa baada ya kuwaka. Ilipozima ghafla haikuaga, kwa hiyo kituo bado kinahesabu kuwa upo ndani, na akaunti inaruhusu muunganisho mmoja. Ikae dakika 5 hadi 10 bila kuigusa. Anayeizima na kuiwasha kila dakika anajirudisha mwisho wa foleni, na wakati huo mtaa mzima unajaribu kuingia pamoja.

Na saa. Ruta nyingi hazina betri ya saa, zikizima zinaamka na tarehe ya zamani. Kama umeweka VPN au DNS iliyosimbwa, vyeti vya usalama vinakataliwa kwa sababu ya tarehe, na kama seva ya saa nayo imeandikwa kwa jina, ruta haiwezi kuipata kwa sababu DNS haifanyi kazi. Inajifunga yenyewe. Weka seva ya saa kwa anwani ya IP.

---

#14 BintiMtandao

Mimi nimeelewa sasa kwamba ampea ndizo zilizokuwa zinakosekana. Swali la mwisho kwa WatiSaa: anayetaka usiku mzima, saa 8 kwa wati 15, anunue nini na aunganisheje bila kuunguza kitu?

---

#15 WatiSaa

Betri ya LiFePO4 (aina ya lithiamu) ya volti 12.8, Ah 12, yenye ubongo wa kuilinda ndani yake. Ni wati-saa 153. Tumia asilimia 90, toa hasara ya kirekebisha volti asilimia 10, zinabaki 124. Gawa kwa 15 ni saa 8 na robo. Betri ikizeeka utashuka chini ya 8, kwa hiyo anayeweza achukue Ah 15 au 18.

Mpangilio ni huu. Chaja maalum ya LiFePO4 kwenda kwenye betri. Kutoka kwenye betri, waya chanya upite kwenye fyuzi ya ampea 5 iliyo karibu kabisa na nguzo ya betri, kama sentimita 15, ili waya ukigusana popote fyuzi ikatike kabla waya haujawaka. Waya wa milimita za mraba 0.75 au 1 unatosha kwa mita moja au mbili. Kisha kirekebisha volti cha aina inayoweza kupandisha na kushusha, kikiwa kimewekwa 12.0. Kisha plagi mbili, moja ya ONT, moja ya ruta.

Usikiruke kirekebisha volti. Betri ikichajiwa inafika volti 14.4 au 14.6. Ruta nyingi za volti 12 zina kapasita za volti 16 kwenye mlango, na kuziacha juu ya 14.5 miezi na miezi kwenye joto kunazichosha. Upande wa chini, betri ikishuka chini ya 12 ruta nyingine zinaanza kuzima na kuwaka huku betri ikiwa bado na kitu.

Chaja iwe na ampea zinazozidi mzigo. Wati 15 ni karibu ampea 1.3 kwenye betri. Chaja ya ampea 2 itabakiwa na 0.7 tu za kujaza, na Ah 12 zitachukua saa 17. Kama umeme unakatika kila siku, weka ya ampea 5: inabakiza 3.7 na kujaza kwa saa 3 na nusu hivi. Ikishajaa, chaja ishuke hadi volti 13.5 au 13.6, isiyoshuka isiachwe imechomekwa siku zote. Usiichaji betri hii kwenye baridi chini ya nyuzi 0.

Ukitumia betri ya risasi badala yake, ongeza kikata volti cha chini kilichopangwa kukata kwenye 11.5 na kurudisha kwenye 12.6, na uchukue Ah mara mbili. Kabla ya kuchomeka ruta kwa mara ya kwanza, pima volti kwenye ncha ya plagi, pamoja na upande wa chanya, ukiwa umeiwekea mzigo mdogo kama taa ya gari ya wati 5. Ikisoma 12.0 na isitikisike ukichomoa chaja na kuirudisha, ndipo uchomeke.